Uwanja Unaokunywa Mvua

Saa tisa alasiri, wingu zito limeinamia mtaa na matone ya kwanza yanagonga mabati. Kila mwenye akili timamu anakimbilia ndani. Mwanamke mmoja anakimbilia nje, buti za mpira hadi magotini, koti la manjano halijafungwa vifungo, anacheka peke yake.

"Njoo, njoo!" anaiambia mvua. "Nimekungoja mwaka mzima!"

Mtaani wanamwita Mama Korongo. Ni mhandisi wa ujenzi, na kazi yake ni kuzuia maji ya mvua yasile ardhi. Jina hilo limemkaa kotekote: korongo ndilo adui yake, lile shimo refu lililochimbwa na maji nyuma ya nyumba za watu, na korongo ni ndege wa miguu mirefu asiyeogopa tope.

"Mume wangu ndiye aliyelianzisha," anasema. "Nikadhani anasifu kazi yangu. Kumbe ananisema miguu!"

Korongo la hapa lilianza kama kijifereji ambacho watoto walikiruka wakienda dukani. Sasa lingeweza kumeza lori. Msimu uliopita lilichukua nyumba tatu, na inayofuata ni ya fundi cherehani mmoja, mjane, ambaye chumba chake cha kushonea kiko ukingoni kabisa.

"Kukinyesha nilikuwa nalala na viatu mguuni," anasema mama huyo. "Usingizi gani huo? Ni kungoja tu."

Mhandisi anaujua woga huo. Alipokuwa kidato cha pili, jiko la kwao lilididimia mchana kweupe, sufuria ingali inachemka. Hakuna aliyeumia. Baba yake, fundi mwashi, alishika kiuno akasema ni mapenzi ya Mungu.

"Nikamwambia, baba, Mungu hana ugomvi na jiko letu. Maji yamekosa njia," anakumbuka. "Akanitazama weee, kisha akasema, 'Basi nenda ukayatafutie.'"

Akaenda, na hajarudi nyuma tangu hapo.

Katika korongo hili yeye na mafundi wake wamepanga ngazi za masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, na kingo wamezipanda nyasi zenye mizizi mirefu. Lakini maji ya mtaa wa juu yalikuwa yanateremka yote kwa mkupuo. Ilibidi yapate pa kupumzikia, na mahali pekee palipofaa palikuwa uwanja wa mpira. Alitaka kuushusha mita moja na nusu, maji yatuame humo kwa muda, kisha yatoke taratibu kwa bomba jembamba.

Kocha wa timu ya mtaa alisimama mkutanoni, mishipa imemtoka shingoni.

"Dada yangu, mimi nafundisha wachezaji. Sifugi vyura!"

Watu walivunjika mbavu. Mhandisi pia alicheka, halafu akaanza kuhudhuria mazoezi kila jioni, hadi wachezaji wakazoea kumwuliza mambo ya maji wakati wa mapumziko. Mwishowe kocha alichoka kupinga. "Chimba," alisema. "Lakini ukituharibia uwanja, tutakuweka wewe golini."

Leo ndiyo mvua kubwa ya kwanza tangu uchimbaji uishe.

Maji yanashuka mtaroni kwa kishindo, mekundu kama tofali. Yanaingia uwanjani, yanafunika duara la katikati, yanapanda nguzo za goli. Wachezaji wamejaa ukingoni na miavuli, wanashangilia kana kwamba kuna mechi.

Ghafla shangwe zinakatika. Godoro kuukuu limekuja na maji, likaziba wavu wa chuma mdomoni mwa mtaro. Maji yanafura, yanageukia upande wa korongo.

"Godoro! Litoeni godoro!" anapiga kelele mhandisi, tayari yumo majini hadi mapajani.

Wa kwanza kumfuata ni kocha. Anashika pembe moja, anateleza, anainuka akitema tope. "Vuteni, jamani! Mnangoja refa?" Wachezaji wanaruka. Wanavuta, linagoma, wanavuta tena, na godoro linachomoka kwa mlio mkubwa, likiwaangusha wote chali. Mtaro unafunguka. Maji yanarudi uwanjani.

Mhandisi hasubiri kujifuta. Anakimbia hadi ukingoni mwa korongo, roho mkononi. Chini, kijito chembamba kinashuka ngazi za mawe, kimya. Hata bonge moja la udongo halijamomonyoka.

Fundi cherehani amefika na mwavuli, anachungulia. "Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo tu, mama."

Mjane anamkumbatia na tope lake lote, gauni safi likiharibika, na hawaachani upesi. Nyuma yao kocha anawapigia simu wenzake wa mitaa mingine, akiwasimulia sauti juu habari za "uwanja wetu".

Kesho asubuhi mhandisi ana kikao na wakazi wa mtaa wa pili. Huko kuna ufa uliojitokeza juzi tu nyuma ya zahanati, usiozidi upana wa ndoo, na wengi hawaoni sababu ya kuhangaika. Yeye haoni sababu ya kungoja.

"Samaki mkunje angali mbichi," anasema, macho yakimng'aa. "Korongo lile nitaliwahi."