Fundi na Kadi ya Michezo

Fundi wa kompyuta hashiki kifaa kabla hajagusa bati la kasha kwa kiganja, kama mtu anayebisha hodi, ili umeme wa mwilini umtoke. Vidole vyake vinene, lakini skrubu ndogo kama punje ya mtama humtii. Siku hiyo muuguzi mstaafu alimletea kompyuta yake aliyoinunua dukani pamoja na kadi ya picha ya mtumba, iliyomlia akiba yote, ili mchezo wa mbio za magari anaocheza na dada yake aliye mbali usijikokote tena.

"Mwanangu, kadi isipoingia ndiyo basi tena," mama akasema.

Fundi akaipima kwa shubiri, akang'oa kizimba kitupu cha diski kilichoziba nafasi, kadi ikaingia. Akawasha. Magari yakajikokota vilevile. Fundi akachungulia nyuma ya kasha. Waya wa skrini alikuwa ameuchomeka kwenye tundu la zamani la kompyuta, si la kadi. Kadi ilikuwa haifanyi kazi yoyote. Angeuhamisha kimya kimya, nani angejua?

"Mama, njoo uone. Aliyekosea ni mimi, si kadi yako."

Mama akacheka, akavuta kiti acheze, fundi akahamisha waya. Safari hii gari likachomoka kama mshale, likafika kona ya kwanza, likajipigiza ukutani.

"Kosa hilo sasa," fundi akasema, "si langu."