Mlango wa Nyuma ya Ghala la Tatu

Pale kiwandani wanamwita Bi Muhuri, jina ambalo hakulitafuta bali lilimfuata. Kazi yake ni kukagua sabuni kabla haijatoka getini. Katika kila bechi anachomoa mche mmoja, anaupima, anaukwangua kwa ukucha, anaunusa, kisha ama anagonga muhuri kwenye karatasi ya bechi, ama anasema "rudisha" kwa sauti ile ile ambayo wengine huitumia kusema "karibu". Amefanya hivyo miaka kumi na minane. Mkaguzi mpya akiletwa kufundishwa, somo la kwanza halina maneno mengi: "Usiamini ganda. Soma namba." Maana ganda la sabuni hubaki lile lile mwaka mzima, lakini mafuta hubadilishwa, mitambo hurekebishwa, na bechi moja yaweza kuwa ngumu kama tofali wakati inayofuata inayeyukia mkononi.

Saa ya chai wapakiaji humzunguka, na si kwa ajili ya sabuni. Bi Muhuri ana miaka arobaini na mitatu, hana mume wala hamu ya kuulizwa habari za mume, na ana maoni mazito kuhusu gemu.

"Gemu za siku hizi zinakushika mkono kama mtoto anayevushwa barabara," husema. "Mshale unakuonyesha pa kwenda. Ukifungua sanduku, sauti inakupongeza. Mimi hapa nafungua katoni mia kwa siku, nani ananipongeza?"

"Hongera, Bi Muhuri!" wapakiaji huitikia kwa pamoja.

"Kalieni hayo. Halafu unauziwa kitu hakijaisha. Leo umenunua, kesho wanakuletea kiraka. Zamani gemu ikitoka, imetoka! Aliyonayo mwenzako ndiyo uliyonayo wewe, hata kama yeye yuko ng'ambo ya dunia. Ndiyo maana tuliweza kubishana. Sasa utabishana na nani, wakati gemu ya jana si ya leo?"

Maoni hayo ya mwisho ndiyo aliyoyapenda kuliko yote. Alikuwa nayo tangu ujana, na hakuna siku aliyoyapima wala kuyanusa.

Ujana wenyewe ulikuwa hivi. Alipokuwa chuo cha ufundi, na umri wa miaka ishirini na mmoja, alikuwa msimamizi wa jukwaa moja la mtandaoni lililoitwa Baraza la Ngome. Ngome ni gemu ya mfagiaji mmoja aliyeachwa peke yake katika ngome iliyojaa chumvi, na fagio ndilo silaha yake, taa yake na ufunguo wake. Haikuwa gemu maarufu. Wanachama wa Baraza walikuwa sitini na mmoja kutoka miji tofauti, hakuna aliyewahi kumwona mwenzake uso kwa uso, na kila mmoja aliamini kwamba wengine sitini ndio watu pekee duniani wenye akili timamu.

Intaneti yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni. Ili asipoteze muda kwenye kompyuta ya watu, alikuwa akiandika mabandiko yake kwanza kwenye daftari, anayasahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha anakwenda kuyachapa mbio mbio huku anayefuata akimpumulia kisogoni. Picha zilifunguka kuanzia juu, mstari kwa mstari, na mtu angeweza kwenda kunywa maji akarudi akakuta mfagiaji ameonekana kichwa na mabega tu. Mle ndani yeye aliitwa Rula, kwa sababu ya kunyoosha mambo. Aliandika kanuni kumi na mbili. Ya tisa ilisema: anayedai kuona kitu kipya katika Ngome alete picha, asiye na picha akiri kwamba amesema uongo, asiyekiri afungiwe, na akikiri, arudi.

Akatokea kijana aliyejiita Kiatu Kimoja. Aliandika kwamba nyuma ya ghala la tatu ukigonga ukuta kwa mpini wa fagio mara nne, chumvi inaporomoka, na nyuma yake kuna mlango wa kijani, bawaba zake ziko kushoto tofauti na milango yote ya ngome, na chini una alama ya kiatu kana kwamba mtu aliwahi kuupiga teke.

Watu walicheka hadi jukwaa likazidiwa. Alama ya kiatu! Na mwenyewe anaitwa Kiatu Kimoja! Wakamuuliza ndani kuna nini. Akasema hakuingia, umeme ulikatika akiwa amesimama pale pale mlangoni, na kesho yake binamu yake mwenye mashine akahama nayo. Picha je? Hana kamera. Mtu mmoja, ambaye siku zote aliandika kwa herufi kubwa tupu, akambandikia: NJIA YA MWONGO NI FUPI.

Lazima Rula apewe haki yake: hakuhukumu kwa pupa. Alikwenda nyuma ya ghala la tatu kwenye gemu yake mwenyewe akagonga ukuta ule mara arobaini, mara nne kwa mpigo, kwa haraka, polepole, akiwa na taa na akiwa hana, na kila jaribio akaliandika daftarini. Ukuta ulibaki ukuta. Wengine kumi wakajaribu wakapata hayo hayo. Kiatu Kimoja akashikilia neno lake siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Rula akamfungia.

Mwezi ulipopita, ukaja ujumbe mfupi. "Nilidanganya. Hakuna mlango. Naomba kurudi." Rula akamrudisha siku ile ile, akampongeza kwa uungwana wake, na ule ujumbe akaubandika juu kabisa ya jukwaa uwe funzo kwa wote. Ulikaa pale miaka mitatu, mpaka waliokuwa wakilihifadhi jukwaa walipolifuta na kila mtu akashika njia yake.

Sasa turudi kwenye mwaka huu. Diski ya Bi Muhuri ilikuwa imekwaruzika hadi gemu ikawa inakwama darajani. Shemeji yake, mume wa mdogo wake, fundi simu, alikuwa amechukua maboksi ya duka moja la gemu lililofungwa, akaikuta Ngome humo, jalada lile lile, mfagiaji yule yule. "Shemeji, mfagiaji wako huyu hapa," akasema, akamtupia mapajani.

Jumapili mchana Bi Muhuri akakaa mbele ya televisheni. Kila akipita nyuma ya ghala la tatu huwa anagonga ukuta mara nne, mazoea tu, kama mtu anayepiga hodi kwa jirani aliyehama. Akagonga. Chumvi ikaporomoka.

Mlango ulikuwa wa kijani. Bawaba ziko kushoto. Chini, upande wa kulia, alama ya kiatu.

Aliiweka pedi ya kuchezea gemu mapajani akaitazama mikono yake. Kisha akainuka akafanya alichopaswa kufanya miaka ishirini na miwili iliyopita: akaiacha gemu ikiwaka, akatafuta jalada la zamani, akatoa diski iliyokwaruzika na kuielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Katika duara la ndani kabisa kulikuwa na namba ndogo, na mwisho wake ilikuwa mbili. Akazima mashine, akatoa ile mpya. Namba ile ile, ila mwisho wake moja. Bechi ya kwanza na bechi ya pili. Mtengenezaji alikuwa ameuziba mlango kimya kimya bila kubadilisha ganda, na watu sitini walikuwa wamemhukumu mmoja kwa kugonga ukuta ambao si wake.

Nyani haoni kundule. Miaka kumi na minane amewafundisha watu kusoma namba!

Kabatini alikuwa na faili la kurasa za Baraza alizozichapa kwenye printa ya chuo kabla jukwaa halijafa. Alilitoa ili ajikumbushe alivyoandika, akijua kabisa kwamba hatapendezwa. Lakini kilichomchoma si maneno yake mwenyewe, bali ya Kiatu Kimoja baada ya kurudi. Zamani alikuwa mbishi wa kupigiwa mfano. Aliwahi kutetea kwa siku tatu kwamba muziki wa mnara ni bora kuliko muziki wa kisima. Baada ya kukiri, ukurasa kwa ukurasa, miaka mitatu mizima: "Sawa kabisa." "Nakubaliana na Rula." "Nakubaliana na Rula." Mwaka wa pili Rula alimpa cheo cha mwanachama bora. Alikumbuka jinsi alivyofurahi kumpa, na aibu ikampanda hadi masikioni.

Wanachama wachache wa zamani wana kundi la simu, ambamo siku hizi hutumiana salamu za siku ya kuzaliwa na picha za maua. Yule wa herufi kubwa ndiye aliyekuwa na namba ya simu ya Kiatu Kimoja. Bi Muhuri akapiga Jumatatu, saa ya chai, nyuma ya stoo, na wapakiaji wakashangaa siku hiyo kunywa chai yao bila mawaidha.

"Kaka, mimi Rula."

"Dada Rula! Heshima yako, dada." Sauti ilikuwa ya mtu mzima, mchangamfu. Alikuwa mwalimu wa udereva, alisema, anaishi mwendo wa saa tano kwa basi kutoka kwa Bi Muhuri, na ana mabinti wawili.

"Kaka, mlango upo."

"Mlango gani?"

"Wa nyuma ya ghala la tatu."

Akacheka. "Ah, dada! Ule nilidanganya. Si nilikiri mwenyewe?"

"Hukudanganya. Jana nimeuona. Tulikuwa na diski tofauti, bechi tofauti, sisi hatukujua."

"Hapana, dada," alisema kwa upole, kama anayemtuliza mwanafunzi aliyepanda ukingo wa barabara. "Hata wanangu wanaijua hadithi hiyo. Huwa nawaambia, baba yenu aliwahi kuwadanganya watu sitini, akakiri, wakamsamehe. Ndiyo nawafundishia."

Bi Muhuri hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuwa amejiandaa kutukanwa.

"Bawaba ziko upande gani?" akauliza.

"Kushoto." Lilimtoka kabla hajafikiri. Kisha kwa mbali likasikika gari likizimika na mtu akiomba radhi. "Mwaka wa kwanza nilijua nimeuona," akasema mwalimu. Uchangamfu ulikuwa umekwisha. "Wa pili sikuwa na hakika. Wa tatu nikaamini nilichoandika."

"Nilikukosea, kaka. Mimi ndiye niliyekosea."

"Nitakupigia," akasema, akakata.

Hakupiga Jumanne. Jumatano hakupiga. Bi Muhuri alirudisha bechi tatu mfululizo hadi msimamizi wa zamu akaja kumuuliza kama anaumwa. Nyumbani hakuiwasha mashine, ingawa alikuwa mpenzi wa Ngome kwa nusu ya umri wake na ndani ya mlango ule palikuwa na kitu ambacho hajawahi kukiona. Alijisikia mwizi kila alipoitazama. Alilotaka lilikuwa moja tu: yule mtu arudishiwe neno lake. Na hakujua kama neno lililokaa ugenini miaka yote hiyo bado linataka kurudi kwa mwenyewe.

Alhamisi ukaingia ujumbe. "Umeingia?"

"Sijaingia. Si mlango wangu."

"Usiingie. Nakuja Jumamosi."

Alikuja na binti yake mkubwa, mwanafunzi wa uuguzi, ambaye alisema amekuja kuwaona watu waliomsamehe baba yake. Mwalimu alikuwa mnene kidogo, mwenye mvi kidevuni, na alivua viatu vyote viwili mlangoni huku akitania kwamba kimoja angeweza kukiacha nyumbani. Lakini hakucheka sana. Alikaa ukingoni mwa kochi kama yuko kwa daktari.

Bi Muhuri alisimama mbele yao. Alikuwa ameiandika hotuba daftarini na kuisahihisha kwa kalamu nyekundu, halafu akaiacha chumbani.

"Kanuni ya tisa," alisema. "Aliyesema uongo akiri. Nilikuita mwongo, na huo ndio uliokuwa uongo. Nakiri mbele ya mwanao."

Binti akamgeukia baba yake. "Kwa hiyo ile hadithi yetu si ya kweli?"

"Hadithi si ya kweli," alisema mwalimu. "Kumbe mlango ndio wa kweli." Akanyoosha mkono, na Bi Muhuri akampa pedi.

Ilimchukua karibu saa nzima kufika, maana vidole vilikuwa vimesahau, na mara mbili mfagiaji alizama kwenye chumvi. Bi Muhuri aliuma midomo asiseme kitu. Nyuma ya ghala la tatu mwalimu akasimama, akajifuta kiganja kwenye suruali, akagonga mara nne. Chumvi ilipoporomoka hakupiga kelele. Aliitazama ile alama ya kiatu, machozi yakamtoka, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Akafungua mlango akaingia.

Ndani palikuwa na njia panda. Kulia palikuwa na mwanga, kushoto giza.

"Nenda kulia," alisema Bi Muhuri. Mazoea hayo. Lilimponyoka.

Mwalimu akaondoa kidole kwenye pedi, akafikiri kidogo.

"Hapana, Rula," akasema. "Sikubaliani na wewe."

Akamgeuza mfagiaji kushoto, na Bi Muhuri akavuta kiti akae karibu.