Siku Kompyuta ya Mzee Harbans Iliponisemea Mbovu

Jamani, mimi nimeaibika mara nyingi maishani, nimeanguka na viatu vya mchuchumio mbele ya kanisa, nimepungia mkono mtu ambaye hakuwa ananipungia mimi, lakini ya Milimani ni ya Milimani, na nikiikumbuka hata sasa masikio yanapata moto. Wacha niwaambie yote, mkicheka mcheke polepole.

Ilikuwa 2007. Nilikuwa nimeajiriwa ofisi ya yadi ya mbao hapa Nakuru, mbao zinazoletwa na malori ya kunguruma kutoka Elburgon, yadi ya Mzee Harbans, Singasinga mmoja mkubwa wa mwili na wa sauti, na bado nilikuwa kwa majaribio, yaani angeweza kuniambia niende nyumbani siku yoyote bila maelezo. Kazi yangu ilikuwa kuandika risiti na kupokea simu, lakini nilikuwa nimesomea kompyuta, na kila mtu pale alijua kwa sababu nilikuwa nawakumbusha (sikuwa mtu wa kunyamaza siku hizo).

Sasa siku moja Mzee akaingia na katoni yenye vumbi, akaitua juu ya meza yangu. "Chebet," akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "wewe najua kompyuta. Hii najua?"

Ndani kulikuwa na kitu kama kibodi ndogo nyeusi yenye vitufe vya mpira, laini kama kifutio. Hiyo kibodi ndiyo ilikuwa kompyuta yenyewe, nzima! Alikuwa amewanunulia watoto wake Uingereza miaka ya themanini, unaichomeka kwa televisheni, na programu zake zinatoka kwa kaseti, hizi kaseti za muziki. Nikaichomeka, ikawaka. Mimi nikapenda hapo hapo, sitaki kudanganya.

Nikaenda cyber, nikatafuta kwa intaneti, nikakuta kuna watu huko duniani wametengeneza kompaila ya C ya mashine kama hizo, na ni ya bure. Kompaila ni ile programu inayochukua maneno uliyoandika kwa lugha ya C na kuyageuza yawe kitu mashine inaweza kuelewa. Kwa hivyo naandika kwa kompyuta ya ofisi, kompaila inageuza, halafu natoa matokeo kama sauti, narekodi kwa kaseti, kaseti naichezea ile mashine ya zamani. Inalia kriiii kriiii kama paka amekanyagwa, rangi zinakimbia pembeni mwa skrini, mwisho maneno yako yanatokea. Siku ya kwanza niliona jina langu kwa hiyo televisheni niliruka mpaka fundi wa msumeno akaja kuuliza kama nimeumwa na nyuki.

Kiran, binti ya Mzee, akasikia. Alikuwa anapanga sherehe ya baba yake ya kufikisha miaka sabini, nyumbani kwao Milimani, chakula cha mchana, wateja wakubwa, mafundi wote wa yadi, ndugu kutoka kila mahali. Akaniambia, "Chebet, hiyo kompyuta ya utoto wetu imuwishie Dad happy birthday mbele ya watu, atalia." Nikasema hiyo ni kazi ndogo.

Na kweli ilikuwa ndogo. Nikatengeneza jedwali la mistari, kila mstari una nafasi ya herufi thelathini na mbili, ukibonyeza kitufe chochote unaenda mstari unaofuata. Sasa ukijaribu programu lazima uwe na maneno ya kujaribia, si ndiyo? Mtu mwenye akili anaandika "jaribio". Mimi nilikuwa peke yangu ofisini baada ya lunch, Mzee amelala kwa kiti chake kule ndani kama kawaida, anakoroma dirisha linatetemeka, nikaandika kitu kilichonichekesha. Halafu kingine. Halafu kingine. Nikaweka salamu halisi kwa mstari wa kwanza, na hiyo mingine nikaiacha hapo chini. Nani ataiona? Programu inaonyesha wa kwanza na inangoja. Nikaijaribu, ikaonyesha HAPPY BIRTHDAY PAPA HARBANS, safi.

Asubuhi ya sherehe Kiran akanipigia simu. "Ongeza hapo 70TH, please, ndiyo maana ya siku yenyewe."

Hapo ndipo nilijimaliza. Nikaongeza, nikarekodi kaseti upya haraka haraka, na sikuijaribu (gauni lilikuwa bado halijapigwa pasi). Sasa sikilizeni vizuri. Lugha ya C haijui neno lako linaishia wapi, mpaka mwisho wa neno kuwe na sifuri ya kuiambia simama; isipoikuta inaendelea tu kusoma kinachofuata. Salamu yangu mpya ilikuwa herufi thelathini na mbili kamili, ukihesabu na mapengo. Ilijaza nafasi yote. Sifuri ikakosa pa kukaa.

Tukafika Milimani, bustani imejaa watu, hema, DJ, samosa zinapita kwa sinia. Televisheni kubwa imewekwa kwa meza mbele, mashine yangu chini yake, radio kaseti kando, kila kitu kimechomekwa kwa extension moja. Mzee ameketi kiti cha mbele na shada shingoni, mkewe kando yake, mama mmoja mwembamba mpole ambaye sisi wote tulimwita Mama. Kiran akashika maikrofoni, akanisifu, watu wakapiga makofi, nikabonyeza kaseti. Kriiii kriiii. Wageni wakaziba masikio. Mimi natabasamu kama bibi harusi.

Skrini ikawa nyeupe, na haya yakatokea:

HAPPY 70TH BIRTHDAY PAPA HARBANS
ANAKOROMA KAMA LORI YA ELBURGON

Kwanza hakuna aliyecheka. Watu walikuwa bado wanasoma. Halafu kutoka kwa meza ya mafundi wa yadi nikasikia mtu amepaliwa na soda.

Nikasema nitaondoa haraka kabla Mzee hajatoa miwani yake ya kusomea, nikabonyeza kitufe: salamu ikaondoka, lori ikabaki peke yake. Nikabonyeza tena. Kumbukeni kitufe kinafanya nini. Ndiyo.

NA SHATI LIMESHINDWA NA KITAMBI

Sasa wakacheka, wale wa nyuma wakasimama kwa viti ili waone, na mjomba mmoja aliyekuwa mbele akawa anasoma kwa sauti ili asiyeona asikie, tena akamtafsiria bibi mzee aliyekuwa kando yake. Mimi nilijua mstari unaofuata ni upi. Nikajua nikigusa tena nimekufa. Kwa hivyo nikainama chini ya meza, nikashika waya mnene na kuung'oa kwa nguvu zangu zote.

Ulikuwa waya wa extension. Televisheni ikazimika, na muziki wa DJ ukazimika, na maikrofoni, na ile feni ya hema. Bustani nzima kimya. Na ndani ya huo ukimya, kutoka chini ya kitambaa cha meza, watu wote wa Milimani wakasikia sauti yangu ikisema, "Asante Mungu, ile ya chai ya Mama haijatokea!"

Nilikaa huko chini kidogo. Nilifikiria kuishi huko.

"Chebet," Mama akaita, pole pole kabisa. "Toka. Chai yangu imefanya nini?"

"Hakuna kitu, Mama."

Mzee akaongea sasa, na sauti yake mnaijua. "Rudisha stima. Nataka kuona yote."

Mnajua hiyo kaseti inachukua dakika ngapi kuingia? Nyingi. Nilisimama hapo mbele ya watu wote, kriiii kriiii, wote wananiangalia kama mtu anayengoja hukumu, na mimi nahesabu nyasi. Salamu ikaja. Lori ikaja. Kitambi kikaja. Nikafunga macho, nikabonyeza.

CHAI YA MAMA NI MAJI YA KUNAWA

Mama akasoma. Akasoma tena. Kila siku alikuwa anatutumia thermos moja ya chai pale yadi, ya Mzee na yetu, na kila jioni tulikuwa tunamwambia asante Mama, tamu sana. Akamgeukia mumewe. "Ni kweli?"

Mzee akatia samosa nzima mdomoni.

Basi Mama akaanza kutetemeka mabega, nikadhani analia, kumbe ni kicheko. "Daktari alisema huyu apunguze maziwa na sukari, kwa sababu ya hicho kitambi," akasema. "Nikimwambia anakataa. Kwa hivyo nilipunguza kwa thermos, kidogo kidogo, na sikumwambia mtu. Nyinyi wote mmekuwa kwa dayati!" Halafu akamnyooshea mumewe kidole. "Na kukoroma nimesema tangu tuoane, akaniambia ninaota. Leo imeandikwa!"

Bustani ikapasuka. Mzee alikuwa amekasirika kweli, lakini si kwa ajili ya lori wala kitambi. "Sukari pia?" alikuwa anauliza. "Hata sukari?"

Jumatatu nilienda kazini na mkoba mtupu ili niweze kubeba vitu vyangu vizuri nikifukuzwa. Mzee akaniita ndani. Thermos zilikuwa mbili mezani, moja ya wafanyakazi, chai nyeupe kwa maziwa, na nyingine yake Mzee, chai nyepesi ambayo ungeona kikombe mpaka chini.

"Nimekuandika kazi," akasema. "Lakini nikiwa na wageni, hapana guza kitu yoyote ya stima."

Mafundi waliniita Lori mpaka nilipoacha kazi pale. Na mimi niliapa, sijawahi kurudia na sitarudia: siku hizi maneno yangu ya kujaribia ni AAAA na BBBB basi, na kama ni lazima jina la mtu liwemo, namsifu, namsifu mpaka nafasi ijae, ili hata ikimwagika, imwagike sifa.