Mifuko Minne Isiyo na Mdomo

Kila aliyewahi kushonewa nguo na Bi Pindo anajua kwamba mshono wake haufumuki mpaka nguo yenyewe iishe. Kwa hiyo alipofungasha unga wa uji wa kumpelekea binti yake ng'ambo, hakuufunga kwa kamba kama watu wengine. Aliushona. Mifuko minne ya kitambaa kizito, mshono mara mbili pande zote, wala haina mdomo.

Binti alikuwa amejifungua wiki tatu zilizopita na chakula cha huko kilikuwa hakipiti kooni. "Mama, natamani uji wako tu," alilia kwenye simu. "Hata maziwa ya mtoto hayatoki." Bi Pindo akachambua nafaka punje kwa punje, akaosha, akaanika, akaenda kusimama mwenyewe mashineni asije akachanganyiwa na wa watu.

Kwenye ukaguzi wa mizigo ng'ambo, afisa aliipapasa mifuko na kukunja uso. Mkalimani, dada mmoja mpole, akauliza kwa niaba yake kwa nini imeshonwa hivyo.

"Usimwagike. Wewe ungefanyaje?"

"Lakini kwenye fomu umejaza kwamba huna chakula."

Kweli alijaza. Mkwewe ndiye aliyempa somo: "Mama, kila swali weka hapana, wasikusumbue." Na Bi Pindo, ambaye hajawahi kukubali mteja amfundishe kukata kitambaa, siku hiyo alisikiliza!

Kisu kikapita kwenye mshono wake. Unga wote ukaishia kwenye pipa.

"Pole, mama," mkalimani akasema. "Unga huu unaruhusiwa. Ungesema tu unao, wangeukagua wakakuachia."

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Nje alimkuta mkwe kashika maua, meno yote nje.

"Karibu mama! Mzigo uko wapi?"

"Kwenye pipa la taka. Werevu wako ndio ulioutupa."

Akatangulia garini, maua akamwachia mkononi. Nyumbani, binti alikuwa mlangoni, mtoto begani, mashavu yamebonyea. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mikono ya mama yake, kisha akatazama chini. Afadhali angelalamika.

Bi Pindo akamgeukia mkwe. "Hapa hawauzi nafaka?"

"Wanauza, mama, lakini mashine ya kusaga hakuna. Hata kinu."

"Na mawe je? Nayo hakuna?"

Jioni ile majirani walimwona mkwe, mhandisi mzima, tai imetupwa begani, amepiga magoti kibarazani akisaga nafaka kwa mawe mawili. Bi Pindo alikaa kando yake na chekeche. Kila alipochekecha alisema, "Bado. Rudia." Hakumwonea huruma hata chembe.

Uji ulipoiva, binti alimaliza kikombe kizima bila kupumua, akakinyoosha tena. Bi Pindo alimjazia.

Mkwe alitazama malengelenge viganjani mwake. "Mama, kesho si nitapumzika?"

"Hapana," akasema Bi Pindo.