Jino Liliniuma, Wakanichora Kidevu

Mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha alininyima ruhusa ya kwenda kung'olewa jino, nikamdanganya kwamba nakwenda Mwanda kumzika shangazi. Nikaingia kliniki moja Voi. Muuguzi akaita "Mwadime", jina langu na la nusu ya wilaya, nikainuka. Akaanza kunichora mistari myeupe kidevuni. Sikuelewa, ila nilidhani siku hizi jino hutafutwa hivyo.

"Miale ya leza itakaza hii ngozi ya taya, urudi kijana. Inakusumbua tangu lini?"

"Tangu Jumapili, nikitafuna mahindi."

Akanitazama. Nami nikamtazama.

Mlango ukafunguka.

"Sista, Mwadime wa leza ni mimi," alisema mwalimu mkuu, aliyetuaga kwamba ana mkutano Wundanyi. Kisha akaniona, akasema:

"Pole na msiba, mwalimu."