Leo Mama hakukimbilia jikoni

Leo Mama kanitoa machozi hapa Kilole.

Mjukuu wake wa Norwe, binti wa dada yangu, hajui Kiswahili. Akipiga simu ya video, Mama hukimbilia jikoni. "Nitaongea naye nini?"

Leo mtoto kaonyesha karatasi: BESTEMOR. Ndiyo bibi kwa Kinorwe.

Mimi nikakwama kulisoma (msinicheke).

Mama akavaa miwani, akalikata neno hilo silabi kwa silabi kwa makofi, kama alivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima kule Kwaluguru enzi za Ujamaa.

Bes. Te. Mor.

Mtoto naye akapiga makofi. Kumbe shuleni kwao wanafundishwa hivyohivyo.

Dada akaeleza kuwa ni maneno mawili yameunganishwa, "bora" na "mama".

Mama akafuta miwani. Simu ikaisha chaji.

"Kesho anapiga saa ngapi?"