Mwalimu Aliyekataa Mahamri

Nikisikia baiskeli ikiegemezwa ukutani, kanyagio likikwaruza matofali, masikio yangu hupata moto mpaka leo. Wengine wakikumbuka utoto wao huchekelea. Mimi huona haya, na kwa kuwa nyinyi si watu wa kupeleka maneno, nitawaambia kwa nini.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, mwaka wetu wa pili Saltley, Uingereza, tangu tuhame Mombasa, nami nina miaka kumi. Kwa sura na asili tulikuwa Wahindi, lakini nyumbani tulisema Kiswahili tu, kile cha nyanya yangu wa Mji wa Kale. Baba alishinda kiwandani. Mamangu hakujua Kiingereza hata cha kuulizia bei ya vitunguu, kwa hiyo mdomo wake nilikuwa mimi: madukani Alum Rock Road, posta, shuleni, kwa daktari. Nami, wallahi, nilijiona mkubwa. Mtoto anayesubiriwa na watu wazima amalize kusema huota mapembe.

Basi akaja Linda, baiskeli yake akaiegemeza ukutani kwetu. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, mmoja wa vijana waliojitolea kwenda majumbani kuwafundisha Kiingereza kina mama waliotoka nchi za nje, bila malipo. Koti lake lilimpwaya na pua yake ilikuwa nyekundu kwa baridi. Siku ya kwanza aliniambia nimuulize mama anataka kujifunza nini. Mama hakufikiri hata kidogo.

"Mwambie nataka niweze kusema na daktari mwenyewe. Mimi na yeye tu."

Nilitafsiri, lakini roho iliniuma. Kazi hiyo si ilikuwa yangu?

Kila Jumatano jioni waliketi karibu na hita ya mafuta ya taa, na kadi ambazo Linda alizichora kwa mkono wake: tumbo, kifua, mgongo. Mama alirudia majina huku akicheka, mdomo kauziba kwa mtandio. Alikuwa akishika haraka, haraka kuliko nilivyopenda. Na tangu asubuhi ya siku hiyo alikuwa jikoni, anakuna nazi kwa mbuzi aliyoibeba sandukuni kutoka Mombasa, anakanda mahamri, anachemsha mbaazi, nyumba nzima inanukia iliki. Kwetu mgeni haondoki hivi hivi, na mwalimu ni zaidi ya mgeni. Linda alitabasamu, akatikisa kichwa, akaomba maji. Jumatano ya kwanza mama alisema mtoto wa watu anaona haya. Ya pili alisema labda ameshiba. Ya tatu alifunika sahani.

Linda aliliona hilo. Alipokuwa akitoka aliniita mlangoni akanieleza kwamba wanaojitolea wamekatazwa kupokea chochote, hata biskuti moja, kwa sababu nyumba wanazoingia ni za watu wenye shida. Harufu ya chakula kile ilimtesa, alisema, na angekula sahani nzima kama angeruhusiwa. Akanisihi nimweleze mama vizuri asije akaudhika.

Watu wenye shida! Sisi, ambao baba yetu alikuwa na duka zima la vitambaa Mombasa! Na wiki ile ile msichana mmoja wa darasani aliniuliza mbele ya wenzake kama ni kweli kwetu tunaletewa msaada kwa baiskeli. Nilirudi ndani nimevimba. Mama akataka kujua Linda alikuwa akisema nini muda wote ule.

"Amesema hawezi kula chakula chetu," nikamjibu.

Sikuongeza neno. Tena sikusema uongo, na hapo ndipo ubaya wangu ulipo. Mama aliitazama mikono yake, kisha akaileta puani akainusa. Halafu akaenda kunawa.

Jumatano iliyofuata mlango ulipogongwa alinituma nikaseme hatuhitaji tena masomo. Nilikwenda mbio. Linda aliuliza kama amekosa kitu, nikamwambia hapana, mama ana shughuli. Alirudi mara mbili zaidi, kisha akaacha kuja. Nilifurahi, nisiwafiche.

Miezi michache baadaye mama aliniambia nimpeleke kwa daktari. Alikaa kitini, akanitazama mimi, akamtazama daktari, mwanamume mwenye haraka, akanitazama tena. "Mwambie kichwa kinaniuma," akasema. Nikatafsiri barabara. Tukapewa vidonge, tukarudi kwa basi. Siku ya pili yake gari la wagonjwa likaja mlangoni, nami nikapelekwa kwa jirani. Mama alirudi baada ya wiki nzima, amekonda, na hakuna aliyeniambia kitu.

Nilikuja kujua nikiwa na mimba yangu ya kwanza. Mama alikuwa akinikanda miguu, akasema kwamba naye alipoteza moja Saltley, ya miezi minne. Siku ile kwa daktari alikuwa tayari anatokwa na damu. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesemaje, mwanangu? Ulikuwa mtoto. Mambo kama yale ningeyapitishaje kinywani mwako?"

Hakuwa na lawama, aliendelea kukanda. Ndipo nilipoelewa alichokitaka kwa Linda, na kwa nini alitaka wawe yeye na daktari tu. Mimi nilidhani ananinyang'anya cheo, kumbe alikuwa akinilinda.

"Ningekuwa nimekijua kile Kiingereza," akasema. "Lakini yule msichana alituona wachafu."

Nilikuwa nayo maneno ya Linda yote, sijasahau hata moja. Mama akainua uso, labda aliona nataka kusema kitu, akangoja.

Nikamwambia anikande na mguu wa kushoto.